Kufunga mwaka 2024: Ukumbi ukilia "rudia!"

AKINYI: Hamjambo wapenzi wa opera, popote mlipo. Tuko Kisumu, madirisha wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo tuktuk zikipita mtazisikia. Mwalimu Wafula, habari za Krismasi?

WAFULA: Njema, Akinyi. Kwaya imenikausha koo, lakini nipo.

AKINYI: Basi tusizunguke. Seoul.

WAFULA: Nilijua utaanzia huko.

AKINYI: Jambo lile la Seoul, Tangu Septemba nimelibeba moyoni! Kwa ambaye halikumfikia: ni Tosca, opera ya mtunzi Puccini, tendo la tatu. Tenori Alfred Kim ameimba "E lucevan le stelle", ukumbi umelipuka kwa makofi, naye anairudia aria nzima, yaani wimbo ule wa mtu mmoja. Angela Gheorghiu, soprano anayeimba Tosca mwenyewe, anatokea jukwaani kabla ya zamu yake na kulalamika mbele ya watu. Mwisho wa onyesho anatoka kuinamia watazamaji, anazomewa, anageuka na kwenda zake. Mwalimu, mimi niko upande wa tenori.

WAFULA: Kwa nini?

AKINYI: Kwa sababu nimelelewa na nyatiti, kinanda cha nyuzi cha sisi Waluo. Kwetu mtu huinuka katikati ya wimbo, akamsimamisha mpigaji, akatoa pesa, akajisifu na kuwasifu watu wake. Ndiyo pakruok. Wimbo unamngoja, akimaliza unaendelea, na sijasikia mzee akisema umeharibika. Msikilizaji ana fungu lake. Watu wakitaka urudie, unarudia.

WAFULA: Nakuelewa, na harusini nimerudia nyimbo mara tatu. Lakini mtazame Cavaradossi, mpenzi wa Tosca, anayeuimba wimbo ule. Amebakiwa na saa moja ya kuishi. Amemhonga mlinzi wa gereza kwa pete yake, kitu cha mwisho alicho nacho, ili aandike barua. Anaanza kuandika, kumbukumbu zinamzidi, kalamu inasimama, analia. Mtu huaga dunia mara ngapi? Ukirudia, barua ile haiendi tena kwa Tosca, inakuja kwetu sisi tuliokaa vitini. Pakruok imo ndani ya nyatiti, mpigaji anaiachia nafasi. Puccini hakuacha nafasi pale. Machozi yakianza tu, okestra inamleta Tosca.

AKINYI: Kwa hiyo Angela alikuwa sawa?

WAFULA: Kwa upande wa muziki, ndiyo. Kutoka na kulalamikia jukwaani, hapana. Hayo husemwa nyuma ya pazia. Aliyenunua tiketi hakumkosea mtu.

AKINYI: Nusu nakubali. Ile nusu nyingine nitakufa nayo. Haya, Milan. Tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrose, La Scala, jumba la opera la huko, hufungua msimu. Kwetu ilikuwa saa mbili usiku. Mwalimu alikuja kwangu, na stima ikapotea hata hajaketi.

WAFULA: Mvua nayo ikipiga mabati. Tukaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipande, tukaiinamia kama watu wanaojifukiza.

AKINYI: Na ilikuwa La forza del destino, opera ya Verdi! Wako waimbaji wasiotaka hata kuitaja kwa jina, wanasema ina mkosi. Mwimbaji Leonard Warren alianguka akafa jukwaani katikati ya opera hiyo, katika jumba la Metropolitan, New York, tarehe 4 Machi 1960. Sasa onyesho likikaribia, tenori Jonas Kaufmann akajiondoa. Nikasema, yameanza.

WAFULA: Brian Jagde akashika nafasi yake, na kazi ikaenda. Ila mimi nilikuwa nikimngoja soprano Anna Netrebko kwenye aria ya "Pace, pace". Neno lile la kwanza linaanza kwa noti moja ndefu, inavimba, kisha inafifia. Wewe ulikuwa umeshika kifuniko cha sufuria, ukakikumbatia kifuani.

AKINYI: Nilisahau kuwa ninacho. Kabla hatujafika kwa Puccini, nimtaje Jodie Devos, soprano wa Ubelgiji, aliyetutoka Juni akiwa na miaka 35. Sauti nyepesi, safi. Inaniuma bado.

WAFULA: Apumzike. Puccini naye, tarehe 29 Novemba ametimiza miaka 100 tangu afie Brussels, alikokwenda kutibiwa saratani ya koo. Turandot, opera yake ya mwisho, hakuimaliza. Mtunzi Franco Alfano aliimalizia kwa kufuata rasimu alizoacha. Mimi siamini ni ugonjwa peke yake uliomzuia. Liù, mtumwa, amejiua ili asilitoe jina la Calaf, anayempenda. Mwili wake umebebwa sasa hivi. Utanishawishije nishangilie mapenzi ya wale wawili waliobaki, Calaf na binti mfalme Turandot?

AKINYI: Toscanini, kiongozi wa okestra, naye aliishia hapo.

WAFULA: Hapo hapo. La Scala, tarehe 25 Aprili 1926, usiku wa kwanza kabisa. Liù amekufa, Toscanini akaweka kijiti chini, akawageukia watu na kuwaambia kwamba hapa ndipo Puccini alipofia. Mwisho wa Alfano haukuimbwa usiku ule.

AKINYI: Mwalimu, nikiweka "Tu che di gel sei cinta", wimbo wa mwisho wa Liù, utakaa tuisikilize yote?

WAFULA: Weka. Ila pale alipoachia yeye, nasi tuzime.