Boriti ya daraja ikipata ufa: nguvu iliyobaki na uhai uliobaki

Haya jamani tuanze, wale wa nyuma mkiona sauti inakata nyoosheni mkono. Leo ni madaraja ya chuma, na swali ambalo mainjinia tunaulizwa kila siku, hii boriti imeumia, imebakiwa na nguvu kiasi gani? Mi nasema hapo kuna maswali mawili na watu wanayachanganya. Moja, lori zito likipita leo itabeba? Lingine, itaendelea kubeba mpaka lini? Boriti inaweza kuwa na nguvu karibu zote ilizotoka nazo kiwandani lakini uhai wake umebaki mdogo sana.

Kutu ni rahisi kidogo. Unakwangua, unapima unene uliobaki kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti, unapiga hesabu upya. Ila angalia kutu iko wapi. Mwisho wa boriti, pale inapokalia nguzo, maji yanavuja kutoka kwenye jointi za juu miaka nenda rudi, na ubavu wa boriti ukiwa mwembamba pale unaweza kujikunja hata kama katikati pote kunang'aa.

Ufa ndo habari nyingine kabisa. Mmeshamuona muuza vitambaa, anakata kidogo tu na mkasi pembeni afu anapasua kwa mikono, kitambaa kinafuata chenyewe? Basi ncha ya ufa kwenye chuma ni ule mkato wa mkasi, mkazo wote unakimbilia hapo. Na mara nyingi ufa unaanzia kwenye welding, sanasana pale fundi alipoishia, mwisho wa kibati cha kuongezea nguvu (ndiyo, kile kile tulichokiweka ili kusaidia!).

Kinachochosha chuma ni kupanda na kushuka kwa mkazo, lori likiingia unapanda likitoka unashuka. Uzito wa daraja lenyewe hautikisiki kwa hiyo wenyewe hauchoshi. Sasa shikeni hii: ile tofauti ya kupanda na kushuka ukiizidisha mara 2, uhai unapungua mara 8, kwa sababu inakwenda kwa kipeo cha 3. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari zima tani 56 basi, na dereva anayekwepa mizani anadhani ameiba tani chache tu, kumbe daraja linamhesabia kwa hesabu tofauti kabisa na ya kwake.

Memphis, Marekani, kuna daraja la Hernando de Soto juu ya mto Mississippi, lilifunguliwa 1973. Tarehe 11 Mei 2021 mkaguzi akakuta boriti ya kufungia tao imekatika sehemu kubwa, akapiga simu ya dharura hapo hapo, magari yakazuiwa na meli chini zikasimamishwa. Baadaye ikajulikana ufa unaonekana kwenye video ya droni ya 2019, na hata kwenye picha ya 2016 aliyopiga mtu aliyekuwa anapita chini na kayaki. Dosari yenyewe ilikuwa kwenye welding tangu kiwandani. Miaka yote hiyo malori yanapita na daraja linabeba, yaani ungeuliza swali la kwanza peke yake ungejibiwa liko fiti.

Mbona halikuanguka? Mzigo ulipata njia nyingine ya kupita. Milwaukee, huko huko Marekani, Desemba 2000, daraja la Hoan, boriti 2 kati ya 3 zilikatika, barabara ikazama zaidi ya mita moja, hakuna aliyekufa. Lakini Silver Bridge pale mto Ohio mwaka 1967 lilining'inia kwenye mnyororo wa vyuma viwili viwili, ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi ukakata kimoja, lote likaenda na watu 46 wakafa. Kwa hiyo mimi nikifika kwenye daraja, kabla ya kuuliza ufa una urefu gani nauliza hiki chuma kikikatika nani anabeba.

Na ukiukuta unafanyaje? Kwenye rangi utaona mstari wa unga wa kutu, mwekundu wa kahawia, mwembamba kama umechorwa na kalamu. Futa rangi, safisha, paka dawa nyekundu inayopenya ndani ya ufa, subiri, ifute, puliza dawa nyeupe ya kuinyonya juu, na mstari mwekundu utajitokeza wenyewe. Fuata mpaka ncha. Pale kwenye ncha toboa tundu la duara, lisawazishe kingo, ncha kali inakuwa imekufa. Ukitoboa milimita chache nyuma ya ncha umefanya kazi bure, ufa utaendelea mbele kama hujagusa kitu, ndo maana kipande ulichotoa kwenye tundu unakikagua nacho. Halafu plate pande zote mbili, kwa bolti za kukazwa sana. Tafadhali msinichomelee ufa kwa juu juu mkapaka rangi, hiyo welding mpya mara nyingi ndo inazaa ufa unaofuata, tena safari hii umefichwa.

Haya, maswali, tuanze na dada pale mbele.