The Haunting (1963) kwa Kivietnamu: maandishi yasiwahi kabla ya hofu

Ndugu wasikilizaji, katika filamu hii ya Robert Wise mzuka hauonekani hata mara moja. Husikika tu: vishindo ukumbini, kitasa kikizungushwa, mlango ukivimba kama unaosukumwa na pumzi. Mtafsiri wa maandishi ya chini ajihadhari hapo, maana jicho husoma upesi kuliko mdomo unavyotamka.

Tazameni Eleanor, mhusika mkuu, akiwa gizani, akiamini kwamba Theo, mwanamke mwenzake katika nyumba hiyo, ndiye anayemminya mkono. Taa inawaka, na Theo yuko mbali, upande wa pili wa chumba. Ndipo Eleanor anauliza mkono ule ulikuwa wa nani: «Tôi đã nắm tay ai?» Mstari huo ukitangulia kwa fremu 12 tu (fremu ni picha moja moja zinazounda filamu, 24 kwa sekunde), yaani nusu sekunde, mtazamaji ameshajua kabla ya Eleanor mwenyewe. Uanze na sauti yake, si kabla. Na yale manung'uniko ya nyuma ya ukuta hayana maneno ya kushikika, mtafsiri asiyabunie maneno.

Ugumu mkubwa zaidi ni viwakilishi. Mvietnamu huchagua neno la «mimi» na «wewe» kwa kupima umri, cheo na ukaribu. Eleanor akiwaza moyoni, «mình» ndiyo inayomfaa, tena kwa herufi za mlazo; akizungumza na Dkt. Markway, mtafiti anayeongoza uchunguzi wa nyumba hiyo, «tôi». Theo naye aanze kuitwa «cô», neno la adabu kwa mwanamke asiye wa karibu, kisha urafiki ukikolea wahamie kwenye maneno ya karibu. Wanapogombana, «cô» irudi. Baridi ya neno hilo itasikika bila kuongeza hata silabi.

Sasa faili lenyewe. Maandishi yaliyopimwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde, yakiwekwa kwenye nakala ya fremu 23.976, huanza vizuri kisha huzidi kutangulia. Picha ikifika saa moja, yamewahi kwa karibu dakika mbili na nusu. Kusogeza faili zima hakuponyi, kunahamisha kosa tu. Zidisha kila muda kwa 1.0427, halafu kagua mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho.

Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo «ế» na «ộ» zitageuka takataka. Fonti iwe na alama zote za toni, na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, herufi nyeupe zizungushiwe ukingo mweusi, zisipotelee kwenye shuka na kuta.