Sauti Imeshukia Stesheni Gani?

Mwangaluka, ndugu zangu! Nashukuru mmeitikia mpaka nyuma, maana yake maiki inafanya kazi. Kwa mada ya leo ingekuwa aibu kubwa isifanye.

Nimeombwa niongee nanyi mnaorusha harusi, mahubiri, misiba na mechi za mtaani laivu kwenye intaneti, kuhusu ugonjwa wa sauti kukatika. Fundi yeyote wa hapa Tabora ukimuuliza, mchawi anamjua tayari: mtandao. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka ilipotokea harusi moja.

Bibi yake bi harusi alipewa maiki atoe baraka. Ndugu wa Dar es Salaam na Oman walikuwa wanatazama kwenye simu. Bibi akaanza: neno moja linasikika, matatu yanapotea, linarudi jingine. Simu zikaanza kunilia mfukoni. Nikaongeza bando, nikabadili laini, nikapanda juu ya kiti huku nimeinua simu kama mtu anayefukuza nyuki kwenye mzinga. Wapi! MC aliponyakua maiki, sauti ikawa safi kama hakijatokea kitu.

Usiku nikafungua rekodi iliyobaki kwenye kompyuta, ile ambayo haikupita kabisa kwenye intaneti. Matundu ni yaleyale, kwenye maneno yaleyale. Mchawi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimewasha kichujio cha kelele, kile kinachofunga mlango wa maiki sauti ikishuka chini ya kiwango ulichoweka. Bibi anaongea polepole, maiki kaishika kifuani. Mashine ikamhesabu kuwa ni feni. MC yeye anapiga kelele, mlango utamfungia saa ngapi?

Sisi watu wa Tabora reli tunaijua. Ilifika hapa 1912, ikaingia Kigoma 1914. Mzigo wa Kigoma usipofika, mtu mwenye akili haanzi kugombana na mpokeaji. Anauliza: ulionekana Urambo? Kaliua? Uvinza? Sauti nayo ina stesheni zake: maiki, waya, mikisa inayochanganya sauti, kadi ya sauti inayoiingiza sauti kwenye kompyuta, kompyuta yenyewe, halafu laini ya intaneti, seva, na simu ya mtazamaji. Hesabu vizuri: tano za kwanza zote ziko mezani kwako. Kwa hiyo kila unaporusha, rekodi pia kwenye kompyuta hiyohiyo. Rekodi ikiwa na matundu, mwache mtu wa mtandao apumzike.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi wanaipita. Picha inakwenda vizuri, midomo inacheza, ila sauti hakuna. Hapo mara nyingi mtandao hauna kosa. Katika RTMP, ule utaratibu wa kupeleka matangazo kwenye seva ambao wengi wenu mnautumia, picha na sauti husafiri katika muunganisho mmoja. Tena programu za kurushia kama OBS Studio, njia ikibanwa, hutupa fremu za picha, sauti huiacha. Kwa hiyo mtandao mbovu huanza kwa picha kurukaruka, au vyote kuganda pamoja. Ni kama reli yetu ya zamani, njia moja: treni ikikwama Usoke, ya nyuma yake inasubiri.

Sikilizeni pia mwendo wa kukatika. Kukikatika mtu anaposogea, shika waya. Kukikatika ovyo ovyo, hasa ukifungua programu nyingine, kompyuta imezidiwa. Itazame inavyofanya kazi, na bafa ya kadi ya sauti, yaani ile akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu, uiongeze. Lakini kukiwa na mlio wa "tik" unaorudi kwa vipindi sawasawa, hizo ni saa mbili zisizopatana. Kila kifaa kina saa yake ya kupimia sampuli, yaani vile vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Kimoja ukikiweka 44,100 kwa sekunde na kingine 48,000, unaomba balaa. Mimi naweka 48,000 kila mahali na sijadili.

Sasa lile lililonitesa kuliko yote. Wenye hedfoni wanasema wanasikia, wenye simu mkononi wanasema kimya. Mhubiri hasikiki kabisa! Niliwatuhumu waumini kwamba simu zao mbovu, Mungu anisamehe. Kumbe ni jeki, kile kichwa cha waya unachochomeka. Tazameni hii hapa, ina mistari miwili myeusi. Ndani waya mmoja unabeba sauti, wa pili unabeba sauti ileile imepinduliwa, ili kelele za njiani zifutwe mwishoni. Ukiichomeka kwenye tundu la stereo, kompyuta inadhani huu ni upande wa kushoto na huu wa kulia. Hedfoni inapeleka kila upande kwenye sikio lake, kwa hiyo unasikia. Simu yenye spika moja inazijumlisha: moja ongeza hasi moja. Dawa yake ni kadi inayopokea waya wa namna hiyo, au chukua upande mmoja tu uufanye mono, yaani sauti ileile pande zote. Na kabla hamjaanza, sikilizeni kwa spika ya simu, si kwa hedfoni peke yake.

Mtandao nao una makosa yake, sikatai. Pimeni kasi ya kupakia. Ile ya kupakua haiwahusu. Mimi sivuki nusu ya kilichopimwa. Picha ya kilobiti 2,500 kwa sekunde na sauti ya 128: sauti ni kama sehemu moja ya ishirini. Mkibanwa, punguzeni picha. Msibani hakuna aliyewahi kunipigia simu kulalamika kwamba jeneza halionekani vizuri, ila wasifu wa marehemu ukikatika, utaitwa kwenye kikao cha ukoo.

Maneno yametosha. Kijana wangu pale mezani, washa mikisa, rusha, na rekodi. Nitaharibu kitu kimoja hapa nyuma ya pazia. Ninyi shikeni simu zenu, mniambie nimeharibu stesheni gani.