Uchaguzi Umefutwa, na Talaka Je?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, wanangu, ahsanteni kwa kuniita tena. Nimepewa nusu saa na mada pana, "Wanandoa na tofauti za kisiasa". Mie nitaingia kwa mlango mmoja tu, ule ule ninaoubisha kila uchaguzi ukikaribia: mume anayefunga talaka ya mkewe kwenye karatasi ya kura. Wanaonijua nawaona wanatazamana, "Keshaanza." Naam, nimeanza, na nitakaponyamaza mie ni watakapoacha wao.

Uchaguzi wa 2015 ulikuwa Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta. Hayo mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Siku mbili tatu baadaye, nimetoka kusali alfajiri, nikasikia hodi. Mwanamke niliyemsomesha mwenyewe skuli, sasa ana watoto watatu. Kajitanda kanga mpaka puani. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akaniuliza pale pale mlangoni:

"Mwalimu, uchaguzi si umefutwa? Na talaka yangu je, nayo imefutwa?"

Nikamvuta ndani, nikateleka chai, nikamwambia anieleze taratibu. Kumbe usiku wa kuamkia kura mumewe alimwambia, watoto wanasikia: "Kesho ukimpigia fulani, una talaka yako." Huyo fulani simtaji wala chama chake sikitaji, kwa sababu nimeyaona haya kwa pande zote mbili, na nikitaja mmoja nusu ya ukumbi huu itaacha kunisikiliza na nusu nyengine itapiga makofi. Sitaki kimojawapo.

Asubuhi wakaenda pamoja kituoni. Yeye foleni ya wanaume, mke foleni ya wanawake. Mke akaonyesha kitambulisho chake, jina likatazamwa daftarini. Siku ile Mzanzibari anapiga kura tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano na Mbunge. Akaingia kwenye kituturi, kile kijumba cha kupigia kura, peke yake. Akatoka, akatumbukiza, akatiwa wino. Njiani mume akamuuliza, "Vipi?" Akamjibu, "Nshapiga." Basi, hawakusema zaidi.

Sasa yuko mbele yangu, chai inapoa, ananiambia: "Mwalimu, mie najua nilichokifanya mule ndani. Yeye hajui."

Hapa nakuombeni mtulie, kwa sababu wengi husikia kisa hiki wakasema "maskini, mume mkali", wakapita. Suala la ukali hapa ni dogo. Mie si shekhe, na mashekhe wamo humu, watanisahihisha. Lakini kila aliyekaa darsani anajua kuwa talaka iliyofungwa kwa sharti, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, na ndiyo tuliyoisoma sisi watu wa madhehebu ya Shafi, sharti likitimia nayo huanguka. Iko kauli ya Ibn Taymiyya kwamba aliyekusudia kutisha tu, hana nia ya kuacha, hicho ni kiapo, na kiapo kina kafara. Wapo wanaoifuata. Lakini mwanamke wa shamba aliyelelewa chuoni kwetu hajui Ibn Taymiyya kasema nini. Anajua aliyosomeshwa.

Haya, mfuateni pole pole. Ikiwa alimpigia huyo fulani, basi kwa imani yake ameachika akiwa ndani ya kituturi, kalamu mkononi. Anarudi nyumbani anapika, analala na mume, eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, inahesabika na mume hana habari. Eda ikimalizika bila ya mume kumrejea, kitandani kuna watu wawili ambao si mke na mume. Akisema, ili aokoe dini yake, siri ya kura imetoka na nyumba imevunjika. Na ikiwa hakumpigia, aliogopa tu, basi kura ile si yake. Mumewe amepiga kura mara mbili, kumi jumla, na yeye amepanga foleni juani bure. Mnaniambia angenyamaza tu? Amnyamazie mume, sawa. Na Mungu naye amnyamazie?

Mume yule mie namjua. Si mtu muovu. Ni mvuvi, anatafuta, watoto wake hawajalala njaa. Nilipokutana naye nilimuuliza kitu kimoja: "Ulitaka nini uliposema vile?" Akasema, "Mwalimu, nilitaka nijue nyumba yangu iko wapi." Basi angalieni alichokipata. Kabla ya kiapo alikuwa na mke ambaye labda anakhitalifiana naye. Baada ya kiapo ana mke asiyejua kama ni mkewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kura imewekwa iwe siri makusudi, hata mahakama haikuulizi ulimpigia nani, na yeye kaitundika ndoa yake kwenye kitu asichoweza kukiona milele. Wanaume wa namna hii ndipo wanapoanza upelelezi. Anamtazama mke anapotangaziwa matokeo, kacheka au kanuna. Anauliza watoto mama alikuwa anazungumza na nani kwenye simu. Wapo waliowaamrisha wake zao wapige picha karatasi ya kura kwa simu ndani ya kituturi, jambo ambalo ni marufuku, na mke akikamatwa atasimamishwa yeye, si yule aliyemtuma.

Msidhani nakuleteeni kisa kimoja nikakifanya mlima. Baada ya uchaguzi ule ule iliandikwa hapa na nje habari ya wanawake zaidi ya 40 wa Zanzibar waliopewa talaka kwa ajili ya kura, na waandishi wanawake wa TAMWA wakalipigia kelele. Hao ni waliosema. Yule wangu hakuhesabiwa popote, kwa sababu alikuwa bado nyumbani kwake, anachota maji na kupika.

Najua kuna mzee hapa mbele anataka kuniambia, "Mwalimu, mke ni kumtii mume." Nimesomesha utiifu huo kwa miaka yangu yote, kwa hiyo usinifundishe. Mume ana haki zake, zinajulikana, zimeandikwa. Lakini kura ni ushahidi: unashuhudia kwamba huyu anafaa kuongoza watu. Niambie wewe, mkeo akiitwa kwa kadhi kushuhudia deni la jirani, utamwambia aseme nini? Utamwambia ashuhudie ulichokiona wewe? Hathubutu hata mmoja wenu. Basi kwa nini ushahidi wa nchi nzima uwe mwepesi kuliko wa deni la magunia mawili ya karafuu?

Mwengine atasema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Methali hii nimeichoka. Mkeo si fahali na nyumba yako si zizi.

Lakini kuna jawabu moja ambalo silicheki, nalo ni la khofu. Baba mmoja aliniambia: "Mwalimu, sheha wa mtaa anajua kila nyumba. Mke wangu akionekana na wale, mimi kibarua changu kimekwenda, na mwanangu hapati kazi." Khofu hii ni ya kweli. Visiwa vyetu ni vidogo, watu wanajuana mpaka kwa mwendo, na tumewahi kuishi miaka ambayo rangi ya kanga ilitosha kukunyima salamu. Baba huyu simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa mahali alipoipeleka khofu yake. Aliyemtisha yuko nje, na yeye kamgeukia aliye ndani, aliye dhaifu kuliko yeye, akamtisha zaidi. Angekaa naye akamwambia, "Mke wangu, naogopa, tufanyeje?" wangelipata la kufanya. Mke akiambiwa khofu husaidia kuibeba. Akiambiwa talaka hubeba peke yake.

Na haya hatukuyaanza sisi. Mama yangu alikuwa mke kijana zama za siasa, wakati wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi na ZPPP. Uchaguzi wa 1957 walipiga wanaume tu. Wanawake wa Zanzibar kura yao ya kwanza ni Januari 1961. Mnajua uchaguzi ule jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura ngapi? Kura moja. Afro-Shirazi walilichukua kwa kura moja, wakapata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Sasa wanawake ndiyo kwanza wameingia kwenye daftari, na kura moja imekwishaonyesha kazi yake. Mama akinihadithia kwamba hapo ndipo waume walipoanza kuwatazama wake zao kwa jicho jengine: mtu ambaye jana hata hakuulizwa, leo kidole chake kinaweza kutoa kiti. Watu walikuwa hawazikani, dukani kwa fulani haendi fulani, kisimani watu wanagombana ndoo. Na wake waliachwa. Uliporudiwa Juni mwaka ule, yalifuata machafuko na watu 68 wakafa. Mama akifika hapo huacha kuhadithia. Mie nikijua kuwa katika walioachwa alikuwamo dada yake.

Miaka 34 baadaye, Oktoba 1995, vyama vingi vimerudi, wagombea urais wa Zanzibar, Salmin Amour na Maalim Seif Sharif Hamad, wamepishana kwa chini ya asilimia moja, na mie nikaona kwa macho yangu yale ya khalati, yule dada yake mama, yanarudi. Misiba miwili kwenye mtaa mmoja, kila chama na msiba wake. Virago vya wanawake juu ya gari ya ng'ombe. Januari 2001 watu wakauawa, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, na wapo waliokimbia huku wameacha nyuma wake walioachana nao kwa chama.

Kisha nini? Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakaa pamoja Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukasema ndiyo, ikaundwa serikali ya pamoja. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Na Disemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine wenye maumivu, akakubali tena nafasi ile ile chini ya Rais Dk. Hussein Mwinyi, mpaka alipofariki Februari 2021. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nililia. Lakini nilikwenda kumtazama jirani yangu aliyeachwa 1995. Alikuwa ameketi barazani anasikiliza redio, wakubwa wanapeana mikono. Akaniambia, "Wao wamerejeana. Mie nani atanirejea?" Aliyekuwa mumewe ana mke mwengine na wajukuu.

Ndiyo maana nikisikia kijana wa miaka 25, ameoa juzi, anaropokwa barazani kwamba "wangu akithubutu namwacha", natamani nimshike mkono nimpeleke kwenye ile baraza akamsikilize yule bibi.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumza juu ya watoto wanaofanywa mashahidi baina ya baba na mama, juu ya makundi ya WhatsApp ya familia, na juu ya wake wanaowanunia waume mwezi mzima kwa sababu ya chama, maana nao wapo na sitaki mseme nimewaficha. Itabidi iwe siku nyengine. Mawili tu kwa haraka. Bendera ya chama juu ya paa la nyumba wanayoishi watu wa rai mbili, isipandishwe, au zipandishwe zote mbili. Na msiba hauna chama: mume asimkataze mke kwenda kuzika kwa wale wala mke asimzuie mume. Hilo msingojee mwalimu kukwambieni.

Nauliziwa mwisho wa yule mwanamke. Haya.

Tulifanya kama Qur'ani inavyosema katika Sura ya Nisaa, mpatanishi mmoja kutoka kwao mume na mmoja kutoka kwao mke. Wakaenda kwa shekhe. Mume akataka kumuuliza mkewe mbele ya watu, "Sema, ulimpigia nani?" Mpatanishi wa upande wake yeye mwenyewe, ami yake, akasimama akamwambia, "Ukiuliza tena nakwenda zangu." Akanyamaza. Shekhe akamwambia mume: hujui kama talaka imeanguka au haikuanguka, na huna njia ya kujua bila ya kumdhulumu huyu. Eda haijesha. Mrejee kwa ihtiyati, yaani kwa tahadhari, kwa ulimi wako, na sisi tunasikia. Akamrejea. Machi 2016 uchaguzi uliporudiwa, mke hakutoka kwenda kupiga kura, na mumewe hakumuuliza sababu.

Bado wako pamoja. Wana mtoto wa nne, msichana. Mume nilionana naye sokoni mwaka jana, akanipa samaki, hakutaka pesa. Tulipokuwa tunaagana akaniambia jambo ambalo naona limekaa naye miaka yote hii. Akaniambia: "Mwalimu, mtu anazo talaka tatu. Mie mpaka leo sijui nimebakiwa na tatu au mbili."

Nikamwambia, "Muulize mkeo." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye samaki wake.