Gereji, magunia ya katani na honi ya bajaji
(Mazungumzo na wanamuziki vijana, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Naona wenye magitaa wamekaa nyuma na wasio na magitaa wamekaa mbele. Siku zote iko hivyo.

Nimeombwa niseme juu ya muziki unaoitwa garage pop. Jina limetoka kwenye gereji, lakini msifikirie gereji ya fundi wa Makorora. Nyumba nyingi za Marekani zina chumba cha kulaza gari, na miaka ya 1960 vijana walikuwa wanalitoa gari la baba nje, wanaingiza ngoma na ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Gitaa linakwaruza, koodi tatu, jirani anagonga ukuta. Watu wakisikia hivyo wanashika hilo la kukwaruza tu, ile pop wanaisahau. Pop ni kiitikio, kile ambacho mtu akikisikia mara moja anaondoka nacho mpaka sokoni. Ukikwaruza bila kiitikio, umeamsha majirani tu.

Mwaka 1963, mjini Portland, Marekani, bendi ya The Kingsmen iliingia studio kurekodi "Louie Louie", wimbo wa Richard Berry. Maikrofoni ya mwimbaji, Jack Ely, ilikuwa imening'inizwa juu, ikabidi aimbe ameinua kichwa kama anayemwita mtu aliye darini. Gitaa likapiga solo, na kabla ya zamu yake Ely akaingia. Akagutuka, akanyamaza. Mpiga ngoma, Lynn Easton, akaliziba lile pengo kwa fimbo zake, Ely akaingia tena, sasa mahali pake. Ikatoka hivyo hivyo, na ikapanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani. Maneno hayakusikika vizuri kiasi kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walifungua jalada kuchunguza kama yana matusi, wakaishia kusema hayaeleweki!

Kwa nini hawakumrudisha Ely peke yake arekodi upya sauti yake? Walipiga wote pamoja, chumba kimoja. Ngoma zinavujia kwenye maiki ya mwimbaji, mwimbaji anavujia kwenye maiki ya ngoma. Ukitaka kumrudisha mmoja, unawarudisha wote. Leo kompyuta inakuruhusu kumrekodi kila mtu siku yake, na hapo ndipo bendi nyingi zinapopoteza kile kitu cha mmoja kumuokoa mwenzake papo kwa papo.

Hili la vyombo vichache hatukulisubiri kutoka Marekani. Zanzibar walikuwa na taarabu ya vyombo vingi, fidla zimejipanga mstari, ganuni, udi, akodiani. Kikundi chao cha Ikhwani Safaa ni cha mwaka 1905. Hapa Tanga Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, wakaja na kikundi kidogo: gitaa la umeme, besi, ngoma, na mbele sauti ya kina Shakila Saidi. Taarabu ikapata mwendo wa kuchezeka, na ile staili ikavuka mpaka pwani ya Kenya. Mimi nasema ile ilikuwa gereji. Mtaalamu wa taarabu atanibishia, na anibishie.

Sasa hawa wetu. Kuna vijana wanne hapa mjini wamemaliza albamu yao ya kwanza, kwa fedha zao. Wameniomba nisiwataje mpaka itoke. Wamerekodi kwenye stoo nyuma ya duka, Ngamiani, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani na juu yake magunia ya katani. Anayewaambia magunia yanazuia sauti isitoke nje anawadanganya. Kazi yake ni kula mwangwi mkali, ule unaofanya matoazi ya ngoma yalie kama sufuria. Besi inapita humo kana kwamba hakuna kitu. Mwenye duka anaweza kuwaimbia besi zote za albamu ile.

Feni ilizimwa kila walipoanza, maana maiki ilikuwa inainasa. Februari, Tanga, chumba hakina dirisha. Kwenye wimbo wa tatu, kabla ubeti wa mwisho haujaingia, unasikia kabisa mpiga ngoma akihema.

Wimbo wa sita una honi ya bajaji. Mwimbaji anasema "nisubiri", bajaji huko barabarani inajibu. Fundi mitambo alitaka kuifuta, mpiga besi akakataa, wakanuniana siku mbili. Mimi niko na mpiga besi. Lakini wimbo wa nane una gitaa ambalo kamba zake zililegea kwa joto, tuni imeshuka, na hapo pia wakaniambia, "Mzee, si ndiyo gereji?" Hapana, wanangu. Huo ni uvivu wa dakika mbili. Wameurudia wiki iliyopita, wote wanne, na sasa kile kiitikio kinasikika.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Bendi kama hizi zinaitwa za kujitegemea, na wazee wa Azimio la Arusha hapa mnalijua neno hilo na jasho lake. Kabla hamjawasha maiki, andikeni nani katunga nini, hata kwenye karatasi ya daftari, wote mtie saini. Mimi niliwahi kupiga gitaa kanda nzima, kanda ikatoka, jina langu halimo. Nilikwenda kudai nikaulizwa, "Karatasi yako iko wapi?" Nikarudi nyumbani.

Ndiyo, wewe wa nyuma, nimekuona muda mrefu unanyoosha mkono. Unauliza kama vijana wenyewe wako humu ndani? Wako. Ndio hao uliokaa nao. Watatupigia ule wa tatu, hivyo hivyo, wote pamoja, kwa maiki moja.

Haya, sogeeni. Na aliye karibu na swichi atuzimie feni.