Mzee wa Kanzu na Mji wa Kimbilio

(Mhadhara uliotolewa Masasi, mkoani Mtwara)

Wazee wangu, shikamooni. Wa nyuma sogeeni, hii spika inakoroma.

Jana barazani mzee mmoja Mwislamu aliniuliza: "Mwalimu, hao Wamormoni wakijenga mji wao wa siku za mwisho, nikifika na kanzu yangu watanifungulia?" Nimekuja na jibu nililompa.

Kimbilio tunalijua hapa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanza maisha upya. Hata chakula cha akiba tunakijua: bibi yangu aliweka mtama na makopa darini, juu ya meko, moshi ukifukuza dumuzi, nasi watoto tukikatazwa hata kuangalia. Wamormoni nao huhimizana kuweka akiba nyumbani, ndiyo maana husemwa ni watu wa kujifungia na magunia. Maandiko yao yanasema vingine.

Kanisa lao, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 huko New York. Machi 1831 alitoa ufunuo ambao leo ni sehemu ya 45 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chao cha mafunuo. Unataja Yerusalemu Mpya, nchi ya amani, mji wa kimbilio. Waovu hawatausogelea. Lakini unaendelea: asiyetaka kumwinulia jirani yake upanga itambidi akimbilie Sayuni, yaani mji huohuo, na watakaokusanyika huko kutoka kila taifa ndio pekee wasiopigana wao kwa wao. Mstari huo hautaji ubatizo. Unataja upanga.

Mahali pa kuujenga palitajwa Julai mwaka uleule: Independence, jimboni Missouri, Marekani. Mwaka 1833 majirani wakawafurusha. Mwaka 1838 Gavana Lilburn Boggs akaamuru waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na amri hiyo haikufutwa mpaka 1976! Mtu aliyetendewa hivyo ukimpa mji wake, unategemea ajenge ukuta. Wao walipopata Nauvoo, jimboni Illinois, baraza la mji mwaka 1841 lilipitisha sheria ndogo: Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo waabudu kwa uhuru, na Waislamu wakatajwa kwa jina. Atakayewabughudhi, faini isiyozidi dola 500 au kifungo kisichozidi miezi 6. Msikiti Illinois wakati ule? Hata kivuli chake.

Mwaka uliofuata Joseph Smith akaandika imani yao kwa ufupi: wanadai haki ya kumwabudu Mungu kwa dhamiri zao, na wanawaachia watu wote haki hiyohiyo. Brigham Young, aliyewaongoza hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847, alifundisha kwamba hata katika ile miaka elfu ya utawala wa Kristo watakuwepo watu wa dini nyingine.

Ila msidanganyike. Wanaamini kanisa lao ndilo pekee la kweli na lililo hai, na wamisionari wao watabisha hodi kwako. Kukupisha uswali si kukwambia uko sahihi. Mimi naona huo ni unyoofu. Simwamini sana anayeniambia dini zote ni sawa halafu ananinyima maji ya kutawadhia.

Kwa hiyo nikamjibu: mzee wangu, kwa maandishi yao, watakufungulia. Akafikiri kidogo. "Huko Missouri kuna bahari?" Nikamwambia hakuna. "Sasa kitoweo watatoa wapi?"