Bodi ya matabaka sita: panga kwa unene, si kwa majina

Karibuni tena, watazamaji wangu. Nipo mezani hapa Mikindani, madirisha nimefunga ili upepo wa bahari usiingie kwenye maiki. Leo tunapanga matabaka ya shaba ya bodi ya saketi, ule ubao unaobeba chipu, kazi ninayoipenda kuliko hata kuchomea.

Bodi yenyewe ni ya mashine ya kuchambua korosho zilizobanguliwa, ninazozitengeneza kwa oda. Kamera inaitazama punje, prosesa inaamua kama hii ni daraja la W240 au W320, hewa inaipuliza kwenye ndoo yake. Kuna memori ya kasi ya DDR3, laini ya kamera na Ethaneti ya mtandao. Kwa vitu hivyo matabaka mawili usihangaike nayo. Manne yanawezekana ukibana sana. Mimi nachukua sita.

KiCad, programu ya kuchorea bodi, mnaijua: fungua mradi, ingia kwenye mipangilio ya bodi, chagua matabaka sita. Twende.

Kabla hujachora hata njia moja, jiulize mkondo wa signali unarudi wapi. Kila signali inayotoka kwa prosesa kwenda kwenye memori lazima mkondo wake urudi. Kasi ikiwa ndogo, mkondo unaorudi unatawanyika kwenye shaba, unafuata penye ukinzani mdogo. Kasi ikiwa kubwa, unajibana kwenye shaba ya tabaka la jirani, chini kabisa ya njia iliyoupeleka, kama kivuli cha mtu saa sita mchana. Ukikuta shaba hiyo imekatwa, unazunguka mbali, na mzunguko huo unageuka antena. Redio ya jirani inakoroma, Ethaneti inapoteza data, na fundi anashinda akitafuta kosa kwenye programu.

Na kasi msiipime kwa megahezi zilizoandikwa kwenye chipu. Tazameni signali inachukua muda gani kupanda kutoka chini hadi juu. Ndani ya FR-4, ubao wa kawaida wa bodi, signali inasafiri karibu sentimita 15 kwa nanosekunde. Chipu ikipandisha kwa nanosekunde 1, basi njia ya sentimita 2.5 tu tayari unaihesabia impidansi, yaani ukinzani ambao signali ya kasi inakutana nao njiani. Chipu nyingi za sasa zinapandisha haraka zaidi ya hapo, hata kama megahezi zake ni chache.

Haya, karatasi. Wengi wanapanga hivi: la kwanza signali, la pili graundi (shaba ya volti sifuri), la tatu signali, la nne umeme, la tano graundi, la sita signali. Ukiutazama hivi mpangilio unapendeza. Signali ya tatu inaonekana inategemea graundi ya pili, umeme umekaa jirani na graundi ya tano, kila kitu mahali pake.

Shikeni hapo. Karatasi haioneshi unene. Narudia: karatasi haioneshi unene.

Ngoja muone kwa macho. Hiki ni kipande cha bodi nilichokikata, ukingo wake nimeusugua kwa msasa wa maji, namba 400 kisha 1000. Naweka chini ya hadubini... subiri, taa inapiga kwenye shaba, hamuoni kitu. Nainamisha kipande. Bado. Nazima taa ya juu. Hapo! Hesabuni mistari myekundu. Wa kwanza na wa pili wamekaribiana. Halafu pana pengo. Wa tatu na wa nne wamebanana. Pengo tena. Wa tano na wa sita wamebanana. Mmeona? Ni jozi tatu, hayajapangwa kwa nafasi sawa hata kidogo.

Bodi hii ni ya milimita 1.6. Zile nafasi nyembamba ni karibu milimita 0.1, mapengo ni 0.55. Pengo ni kora, ubao mgumu unaoanza kazi kiwandani ukiwa na shaba pande zote mbili. Nafasi nyembamba ni prepregi, kitambaa cha nyuzi za kioo chenye resini, kinachoyagandisha matabaka kwenye presi ya moto.

Sasa rudini kwenye karatasi. Signali ya tatu iko milimita 0.55 kutoka kwenye graundi, na milimita 0.1 tu kutoka kwenye umeme. Mkondo wake utarudi wapi? Kwenye umeme! Na tabaka la umeme umeshaligawa: hapa volti 3.3, pale 1.8, kule 1.5 ya memori. Signali ikivuka mpaka wa vipande hivyo, kivuli chake kimekatika. Na umeme wenyewe umekaa mbali na graundi yake ya tano. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, omba jedwali la unene kwa kiwanda utakachokitumia. Si cha rafiki yako, ni hicho utakachokilipa. Kiwanda kingine kinaweza kuweka kora katikati, na hesabu yote ikageuka.

Kwa unene huu ninaoushika, mimi napanga hivi: signali, graundi, umeme, graundi, graundi, signali.

Najua mtu ataandika kwenye maoni kwamba nimepoteza tabaka. Sijapoteza. Signali za juu zina graundi nzima milimita 0.1 chini yake, za chini vilevile. Umeme na graundi ya nne, kwa kubanana kule, zimekuwa kapasita, yaani hifadhi ya chaji: karibu pikofaradi 38 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kidogo, lakini kapasita hiyo haina miguu wala njia ndefu, inajibu haraka pale ambapo za kuchomea zimechelewa. Tena shaba inalingana juu na chini, bodi haipindi ikipita kwenye tanuri.

Upana wa njia za omu 50 kwa unene huu unatoka chini kidogo ya milimita 0.2. Tumia kikokotoo, usikisie. Jozi za Ethaneti omu 100.

Signali ikishuka kutoka juu hadi chini kwa via, yaani tundu lenye shaba linalounganisha matabaka, weka via ya graundi pembeni yake, ubavuni kabisa, ili mkondo unaorudi nao uhame kutoka graundi ya pili kwenda ya tano. Kama jirani wa upande mmoja angekuwa umeme, hapo ungehitaji kapasita. Na via za memori msizipange mstari mmoja zikishikana. Kila via inatoboa duara kwenye graundi. Maduara yakigusana yanakuwa mpasuko. Acheni shaba ipite katikati. Washeni tabaka la pili peke yake mlitazame... mnaona hapa? Via nne zimekula shaba yote. Hii naisogeza, na hii. Sasa inapita.

Kwa sisi wa pwani, chumvi inakula bati na shaba, kwa hiyo mimi naagiza umaliziaji wa dhahabu juu ya nikeli, na bodi ikishachomewa naipaka vanishi.

Kwenye oda andika mpangilio wote: jina la kila tabaka, unene wa kila nafasi, na njia zipi ni za omu 50. Kiwanda kikikurudishia mchoro wake, linganisha namba kwa namba. Nafasi kati ya tabaka la tatu na la nne ianze kuangaliwa. Ikisoma 0.1, lipia.